Mwaridi Ulionyweshwa Chumvi

Kipawa, barazani, baada ya alasiri

Zuhra, mwanangu,

Najua ukifika hapo kwenye "mwanangu" utabinua mdomo. Mie nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na mbili, na tumetoka tumbo moja. Lakini Mama, siku ya mwisho aliyoweza kukaa kitandani, alikushika mkono wako akauweka juu ya wangu, akasema, "Salma, huyu si mdogo wako tena. Huyu ni mwanao." Nikaitikia kwa kichwa. Miaka mitatu sasa nimekuwa mzazi wako kwa kutikisa kichwa. Leo nataka nitumie maneno, na kwa kuwa mdomo wangu unaujua ulivyo, nimechukua daftari.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala za kufua nguo zako za ndani mwenyewe, wala za kumpa shikamoo kila mkubwa utakayemkuta Tanga. Hayo Shangazi Mwanaidi atakuwa ameshayamaliza kesho kabla basi halijafika Chalinze. Mie nina mambo mawili, na yote mawili ni ya aibu.

Hapa nilipokaa nakuona. Umechuchumaa chini ya ukuta, unafunga kijiti cha mwaridi kwa kitambaa kibichi, umekisimamisha kwenye kopo la maziwa ya unga. Aisha wa jirani amepanda juu ya ndoo huko kwao, kichwa tu ndicho kinachoonekana. Nyie mnadhani sisikii. Ndege ilipopita mlinyamaza, ilipokwisha kutua mkaanza tena.

"Unabeba mti mpaka Tanga? Kwani Tanga hakuna miti?"

"Si mti, we Aisha. Ni mwaridi wa mama yangu."

"Na dada yako unamwachia nini?"

"Da Salma kanichoka. Si aliulizwa mbele ya watu wazima, akakosa hata neno moja? Mie namchukua Mama. Yeye abaki na ukuta."

Aisha akacheka. Wewe hukucheka. Ukavuta fundo la kitambaa kwa meno.

Zuhra, huo mwaridi si wa Mama.

Nimeiandika. Nilidhani mkono utakataa. Mwaridi wa Mama niliuua mimi, kwa maji, kabla hujatimiza miaka kumi. Huo unaokata vijiti vyake niliununua nikaupanda palepale, halafu nikakudanganya. Na hilo la kukuchoka nalo nitalifikia. Usiruke mistari.

Unaukumbuka wa Mama? Nafikiri unakumbuka nilivyokusimulia, si wenyewe. Ulikuwa na maua ya rangi ya ukucha wa mtoto mchanga, na harufu iliyokuwa inaingia mpaka kwenye wali. Mama aliuleta kijiti kutoka kwa bibi aliyemfunda. Alikuwa anachuma alfajiri, akitoka tu kuswali, kabla jua halijazinyonya harufu petali. Alizitandaza kwenye ungo, akachanganya na asumini na mrehani, akashona vikuba vya wanawake kuvaa kifuani. Harusi za mtaa huu mzima zilinukia ukuta wetu. Kwenye kitawi alifunga vipande vya kanga kuukuu, hakutaka waya. "Waya hauna huruma," alikuwa anasema. "Tawi linanenepa, waya haujui." Kipande kimoja cha kanga hiyo bado kipo, ile ya rangi ya zafarani. Ndicho nilichofungia huu mwingine kwenye msumari wa kati. Katika vyote unavyoviona ukutani, hicho tu ndicho kilichoguswa na Mama.

Sasa nikueleze nilivyouua.

Kisima chetu unakijua. Maji yake ni ya kufulia, na hata kufulia sabuni haitoi povu. Maji baridi, ya kunywa, yapo kwa Bi Tatu, nyumba ya tatu, kwenye bomba lenye foleni ya ndoo na wanawake tangu asubuhi. Mama alikuwa anakwenda kila siku. Alikuwa na maneno na kila mtu pale, akirudi anacheka peke yake njia nzima. Alipofariki majirani walituchotea mpaka arobaini, kisha zamu ikawa yangu.

Nilikwenda mara moja. Siku ya tatu baada ya arobaini. Nilipotokea tu pale kwenye kona, foleni nzima ikakata mazungumzo. Mmoja akasema, "Maskini, mtoto wa watu amekonda." Mwingine akasema, "Kachukua macho ya mama yake, yaleyale." Wakanipisha nikae mbele. Wote wananitazama, ndoo inajaa polepole kama inanikomoa, na mie sina la kusema. Nilijua la kusema. Mtu akikupa pole unasema nimeshapoa, mtoto mdogo anajua. Lakini nilikuwa sijapoa, na uongo wa hadharani sikuuweza. Nilibeba ndoo haijajaa nikaondoka bila hata kuaga. Nyuma nikasikia, "Huyu naye ana maringo."

Sikurudi tena. Ya kunywa tulinunua kwa watu wa mikokoteni, na hayakutosha mti. Mwaridi nikaupa maji ya kisima.

Nilijiambia ni maji tu. Mti haujui. Wiki ya kwanza haukusema kitu. Ya pili kingo za majani zikawa kahawia, kama karatasi iliyopita karibu na moto ikaondolewa. Nikadhani ni kiu. Ilikuwa kiangazi, jua la Januari hapa unalijua. Nikaongeza maji. Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Kadiri ulivyokauka ndivyo nilivyoumwagia, na nilivyoumwagia ndivyo ulivyokauka. Nilikuwa nalia huku namwaga, Zuhra, naupenda na kuuua kwa ndoo ileile. Siku moja nikaona udongo umeota kitu cheupe. Nikapitisha kidole nikaonja. Nikajua.

Hata hapo ningeweza kuuokoa. Ningechukua ndoo tano za maji baridi, nikaiosha chumvi ikashuka chini. Bomba liko nyumba ya tatu. Nilisimama getini na ndoo mkononi, nikasikia vicheko vyao, nikarudi ndani.

Ndiyo hiyo. Kuna watu wanaua kwa hasira. Mie niliua kwa haya.

Wewe wiki hiyo ulikuwa Gongo la Mboto kwa mke wa Mjomba Hemedi, unacheza na watoto wenzio. Nikaung'oa mchana watu wamelala. Mizizi ilitoka kirahisi, haikushika kitu. Nikaukata vipande nikauchoma nyuma ya jiko, na nilichosubiri ni harufu. Nilifikiri kwa kuwa ni waridi utanukia. Ulinukia kuni.

Kesho yake nikaenda mpaka Mwenge, kwenye vitalu vya miche kando ya barabara, kwa sababu kule hakuna anayenijua. Yule kaka wa miche alikuwa na mdomo kama redio.

"Karibu, sista. Unataka la kukaa kwenye chungu au la kupanda ukutani?"

Nikaonyesha ukuta kwa mkono.

"Hee, bubu? Haya, la ukutani. Hili likishika halina adabu, linaweza kukuingilia dirishani. Lakini niambie, umewahi kupanda?"

Nikasema, "Ulikufa."

"Ulikufaje?"

"Majani yalikauka pembeni."

"Unakaa wapi?"

"Kipawa."

"Unamwagilia maji ya wapi?"

"Kisima."

Akashika kichwa. "Sista! Umeupikia supu!" Akamwita mwenzake kule ndani, "Njoo umwone huyu, kautia mwaridi chumvi, bado ndimu tu!" Wakacheka wote wawili. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alipomaliza kucheka alinichagulia mche mzuri kuliko yote, akanieleza taratibu: uchimbe shimo la kina cha goti, uweke samadi iliyokwisha kuoza, upande panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, umwagilie shinani tu, asubuhi, majani yabaki makavu, maana Dar hii na jasho lake majani yakilala na maji yanaota madoa meusi yanapukutika yote. "Na maji baridi," akasema. "Chumvi kwenye chakula chako."

Nilikuwa na swali moja tu: maji baridi nani atayachota?

Nikakutuma wewe.

Hapo ndipo nataka unitazame vizuri. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikununulia ndoo ndogo ya kijani nikakwambia, "Zuhra, nenda kwa Bi Tatu, mie nina kazi." Kazi gani? Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia nakungoja. Ukirudi kanzu imelowa mpaka magotini, unanipa salamu za watu wote, nani kasema nini, nani anaolewa. Miaka mitatu. Nikakufanya wewe mdomo wangu.

Na uongo wenyewe. Uliporudi kwa Mjomba ukakuta kimti kidogo, nikakwambia nimeukata mpaka shinani uchipue upya. Ua la kwanza lilipochanua lilikuwa jekundu. Ulisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Da Salma, mbona jekundu? La Mama halikuwa hivi."

Ningeweza kusema pale. Mlango ulikuwa wazi. Mie nikasema, "Mwaridi ukifiwa na mwenyewe hubadilika rangi."

Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Mie nisiyeweza kujibu salamu, uongo ulinitoka kama shairi. Ukaguna tu, "Aa," ukaenda kuligusa kwa kidole kimoja. Halafu ukaanza kuwaambia watu. Ukamwambia Aisha, ukamwambia ustadhi wa madrasa, ukaandika insha darasa la tano. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, ukaniletea daftari nitie sahihi pale palipoandikwa mzazi au mlezi. Nikatia. Uongo wangu mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri, na sahihi yangu chini yake.

Mie nilisoma darasa la kwanza mpaka la nne kwa Kiingereza, Baba alipokuwa hai, halafu tukahamia shule ya Kiswahili. Tangu hapo nikiwa na jambo linalouma huwa naliwaza kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza hata kifo cha Mama ni kama habari ya mtu mwingine kwenye kitabu. Hii barua nilianza kuiwaza hivyo jana, ikatoka nyepesi, safi, haina mtu ndani. Nikaichana. Na iume.

Unakumbuka mwaka jana ulivyorefuka, mwaridi? Kila aliyepita aliusifia. Fito zake zilipanda juu, zikapita ukuta, zikazidi paa la akina Aisha. Mie nikavimba kichwa. Nikasema, tazama, huu sikuuua. Lakini maua yakawa yanachanua kule juu kabisa, upande wa pili. Aisha anachuma, sie tunatazama miiba. Wewe ndiye uliyesema, "Da Salma, tunamlea mtoto wa jirani."

Nikarudi Mwenge. Kaka wa miche akanikumbuka. "Mama Supu! Vipi, umeshauua tena?" Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akatikisa kichwa. "Umeuacha uende juu kama mnazi. Huu ukisimama wima chakula chote kinakimbilia kichwani. Ulaze. Chukua zile fito ndefu, zishushe taratibu, uzifunge zilale na ukuta. Kila fundo litatoa kitawi, kila kitawi ua."

"Si zitavunjika?"

"Ukivuta kwa siku moja zitavunjika. Leo kidogo, kesho kutwa kidogo. Na ukate baada ya masika, usiogope. Huku kwetu hakuna baridi ya kuupumzisha, mkasi wako ndio usingizi wake."

Tuliulaza pamoja, mie na wewe, nusu mwezi. Wewe ulishika, mie nikafunga. Ulichomwa mwiba kwenye shavu, karibu na jicho, na alama bado ipo, na Shangazi alipoiona alinitazama. Fito moja ilivunjika mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa na haraka. Lakini ulipochanua ulichanua kuanzia usawa wa magoti mpaka juu. Yale maua ya chini, ndiyo uliyokuwa unayachuma alfajiri. Harufu yake haifiki nusu ya ile ya Mama. Hukuwahi kulalamika. Ulikuwa hujui cha kulinganisha nacho, na hiyo pia ni kazi ya mikono yangu.

Haya. Jambo la pili.

Ijumaa ile ya kikao. Baba Mkubwa alikaa kwenye kiti, Mjomba Hemedi mlangoni, Shangazi Mwanaidi na mie mkekani. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya pazia la jikoni na sinia la vikombe, nilikiona kivuli chako. Shangazi akasema yake, na yalikuwa mazuri: nyumba yake kubwa, haina mtoto wa kike, shule iko hatua mia, atakulea kama alivyomlea Baba. Simlaumu. Shangazi anapiga kelele lakini ana moyo. Baba Mkubwa akanigeukia.

"Salma. Wewe ndiye uliyemlea huyu mtoto miaka yote. Unasemaje?"

Nikatazama mkeka. Nikaanza kuchokoa ukindu.

"Salma, mama. Sema."

Nikasikia ndege inapita, nikafikiri nitasema ikishapita. Ikapita.

Baba Mkubwa akacheka kwa upole, akasema, "Mtoto wa kike akinyamaza karidhia. Tusome Fatiha." Wakainua mikono. Na mie nikainua yangu, Zuhra. Nikasikia vikombe vinagongana kwenye sinia jikoni. Tangu siku ile unakula na Aisha, ukirudi unasema umeshiba.

Umemwambia Aisha nimekuchoka. Nitakujibu kweli, maana tumeshafika mbali. Ule muda Shangazi anasema, nilipata pumzi moja ya furaha. Pumzi moja. Niliona asubuhi isiyo na sare ya kupiga pasi. Niliona chuo. Nilijiona mtu wa miaka kumi na tisa. Halafu pumzi ikatoka na nikaona ndoo ya kijani imekaa peke yake kwenye kona, nikataka kupiga kelele hapana, na Fatiha ilikuwa imeshafika "amin."

Kwa hiyo ndiyo, nilichoka. Na hapana, si wewe niliyekuchoka. Yote mawili ni kweli na sijui jinsi ya kuyapatanisha. Lakini kunyamaza kwangu hakukuwa ridhaa. Kulikuwa kunyamaza tu, kulekule kwa getini na ndoo mkononi. Na kuna kitu kimoja hakuna aliyekiona, hata mie nimekiona leo nikikutazama unavuta fundo kwa meno: niliulizwa mimi. Wewe hakuna aliyekuuliza.

Subiri. Umeniita.

Nimerudi. Umetoka kuniambia kitambaa kimeanza kukauka na kwenye ndoo hakuna maji baridi, na kwamba Shangazi amekukataza kutoka, umeshaoga. Umesema, "Basi nitakilowesha na ya kisima, si kidogo tu?" Umesema hivyo hivyo, kidogo tu. Nikaichukua ile ndoo ya kijani bila kukujibu. Ulinitazama kama nimevaa nguo za mtu.

Nilikwenda, Zuhra. Nyumba ya tatu.

Walikuwa saba. Nikasema shikamooni. Ilitoka, ingawa kwa sauti ya panya. Bi Tatu alikuwa kwenye kigoda chake pembeni ya bomba, khanga begani.

"Leo jua limechwea mashariki! Salma huyo?"

"Mie, Bi Tatu."

"Marahaba, marahaba. Nilidhani ulishaolewa Uarabuni kimyakimya." Wakacheka. "Kila siku namuuliza mdogo wako, dada yako yuko wapi? Ananijibu, Da Salma ana kazi. Kazi gani hiyo isiyokwisha miaka mitatu, mwanangu? Unajenga reli?"

Wakacheka tena, na mie, sijui vipi, nikacheka nao. Nikaenda nyuma ya foleni. Yule wa mwisho akataka kunipisha, nikasema hapana, nitangoja zamu yangu. Ilinichukua muda mrefu. Walizungumza juu ya bei za sukari na mume wa mtu. Hakuna aliyenitazama kuliko nilivyokuwa nawatazama wao.

Zamu yangu ilipofika Bi Tatu akasogea karibu, akaushika mkono wangu wenye ndoo.

"Mama yako ndoo moja kila siku ilikuwa ya mwaridi. Alikuwa akisema, hii ya yule mwanangu mwingine. Ulipoondoka na ndoo isiyojaa siku ile, nikawa naiweka kando, ndoo moja, nikasema Salma atakuja kuichukua. Wiki mbili niliiweka. Kila jioni naimwaga." Hakuuachia mkono wangu. "Hata pole yako hatujakupa sawasawa, ulitukimbia. Bado ipo hapa. Pole sana, mwanangu."

Nikasema, "Nimeshapoa, Bi Tatu."

Si kweli hata leo. Lakini nimeelewa kwamba haisemwi kwa sababu ni kweli. Inasemwa ili mwenzio aweze kukuachia mkono.

Njiani nilikuwa nalia, kwa hiyo kama karatasi hii ina madoa, mengine ni ya ndoo. Wiki mbili, Zuhra. Maji yaliyokuwa yaokoe mwaridi wa Mama yalikuwa yanamwagwa chini kila jioni, nyumba ya tatu, kwa kuwa sikwenda kuyaomba, wala hayakuhitaji kuombwa.

Na nilipokuwa namimina kwenye kopo lako, wewe umesimama pembeni unashangaa, ndipo nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona zamani. Huo mwaridi si wa Mama, ni kweli. Lakini si wangu pia. Mie niliununua na kukudanganya juu yake. Kila tone mwaridi huu ulilolinywa limepita mkononi mwako. Ule wa Mama uliishi kwa maji ya Mama. Huu ni wa Zuhra. Ukimwambia mtu wa Tanga huu ni mwaridi wangu, utakuwa umesema kweli tupu, na wala rangi haitahitaji maelezo.

Sasa nimefika mahali pagumu. Hapa chini nilikuwa nimeandika mistari minne, nimeifuta, unaona wino ulivyochafuka. Nilikuwa nimeandika kwamba nitaiacha barua juu ya sanduku lako uisome. Kwamba kama unataka kwenda Tanga, uchukue kopo. Na kama hutaki, uliache kopo barazani, mie nitaliona alfajiri nitaelewa. Nikaisoma, ikanipendeza, ikaonekana nzuri sana. Halafu nikaona ni ujanja wangu uleule. Nakutaka na wewe uwe bubu. Nataka kijiti kiseme badala yako, na kopo lisikie badala yangu. Hiyo ni chumvi, mwanangu. Ina sura ya maji lakini ni chumvi.

Kwa hiyo sitaiacha juu ya sanduku. Nitakuja nayo mkononi. Shangazi yuko chumbani anakunja kanga zake, namsikia anaimba. Nitakuita, tuingie wote wawili, nisome yote haya mbele yake, hata ile ya supu, hata ile ya pumzi moja. Sauti itatetemeka na utaona haya kwa niaba yangu. Vumilia. Nikimaliza nitakuuliza kwa mdomo, akiwepo: Zuhra, unataka kwenda?

Ukisema ndiyo, kesho nitakupandisha basi mwenyewe, nitakupakatisha kopo, na kila likizo nitakuja kukuchukua, na Shangazi ataisikia ahadi hiyo leo. Ukifika huko uulaze mwaridi mapema, usingoje upite ukuta. Ukisema hapana, basi litaondoka na Shangazi peke yake, na Baba Mkubwa nitampigia mie. Atasema Fatiha ilishasomwa. Nitamwambia ilisomwa juu ya kimya, na kimya kilikuwa changu, si chako. Hayo maneno nimeyafanyia mazoezi hapa barazani mara sita. Ukisema hujui, nalo ni jibu, tutakaa nalo.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Wewe umeshakaa kwenye kizingiti na kopo mapajani, mgongo umenipa, unajifanya unaangalia ndege.

Naweka kalamu. Naita jina lako. Mara ya kwanza sauti itakuwa ndogo, unaijua ilivyo, na kama umenikasirikia utajifanya hujasikia.

Nitaita tena.

Salma wako